Mwaka Mbuvi Alipochimba na Wanawake

Mbuvi wa Ndeti alikuwa mtu wa mbuzi. Akisimama kando ya barabara ya Mwingi, na mbuzi wako akiwa bado ng'ambo ya korongo, alikuwa anaweza kukuambia huyu ana mimba, huyu ana minyoo, na yule mwingine umemwiba. Lakini chumvi ya nyumbani kwake ilikaa wapi, hakujua. Alijua siku bibi yake Kavata alipozikwa, na hata siku hiyo alionyeshwa na mtoto.

Kavata alikufa mwaka uliofuata ile njaa ya mahindi ya manjano ya msaada, wakati sote tulikuwa tunatazama mawingu ya Novemba. Homa ilimpanda kichwani, na kabla gari la kumpeleka hospitali halijapatikana, alikuwa ameshaenda. Aliacha watoto watatu. Wa kwanza Nthenya, msichana wa darasa la nne, mwenye mdomo. Wa pili Mutiso, ambaye mdomo wake ulikuwa wa kula tu. Wa tatu kasichana kadogo kalikopewa jina la nyanya yake mzaa mama, Mbula. Na kwa sababu kwetu Ukambani mwanamume hatamki ovyo jina la mama mkwe wake, Mbuvi alimwita huyo mdogo Mwaitu, ndiyo kusema mama yetu.

Hapo lazima nisimame kidogo, kwa ajili ya wale waliozaliwa juzi. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani na mwingine anajifunika leso usoni. Hawali mahali pamoja, hawaongei macho kwa macho, na mama hawezi kukanyaga nyumba anamolala mume wa binti yake. Tunaita nthoni. Si chuki, ni heshima. Mimi naona imeokoa ndoa nyingi, maana kuna mama wakwe ambao wangeruhusiwa kusema walichokuwa nacho, hakuna bwana harusi angebaki kijijini.

Sasa siku ya pili baada ya mazishi, watu wakiwa wameanza kwenda zao, Mbula mwenyewe, mama yake Kavata, aliyetoka Nuu, aliketi nyuma ya jiko akiipa nyumba ya Mbuvi mgongo. Mbuvi naye aliketi upande wa pili wa ukuta. Katikati yao walimsimamisha Nthenya.

"Nthenya," Mbula akasema, kwa sauti ya kufika mpaka kwa chifu, "mwambie baba yako nyinyi watatu mnakuja kukaa na mimi Nuu."

"Baba, Susu anasema..."

"Nimesikia. Mwambie susu yako nyumba yenu iko hapa."

"Susu, baba anasema..."

"Mimi si kiziwi. Mwambie baba yako yeye ni mtu wa kulala Garissa na mbuzi za watu. Nani atawapikia? Mbuzi?"

Nthenya akaangalia upande huu, akaangalia upande ule. "Mnaweza kuongea tu, mimi niende nikacheze," akasema. Wote wawili wakamwambia anyamaze, na huo ndio ulikuwa mkataba wao wa kwanza.

Wazee wa ukoo wa kina Mbuvi waliitwa. Na kwa vile hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuosha mtoto, waliona neno la Mbula ni jema sana. Watoto waende kwa nyanya, Mbuvi atafute bibi mwingine pole pole, kisha atawarudisha. Mbuvi aliwatazama kama mtu anayeuziwa mbuzi mgonjwa. Alijua watoto wakishaenda Nuu wakazoea, hawatarudi kukaa na mwanamke wasiyemjua katika nyumba ya mama yao. Na yeye atabaki na nyumba ya kutundikia kofia.

"Nipeni mwaka mmoja," akasema.

Mbula akakohoa kule nyuma ya jiko. "Nthenya, mwambie baba yako nimempa. Nitakuja kabla ya mvua ya mwaka ujao. Nikikuta hata mmoja wenu ana tumbo kubwa na shingo nyembamba, nawabeba wote. Na hao wazee nitawabeba pia, wakanilindie ndege shambani."

Mwanzo haukuwa mbaya kwa sababu sisi majirani tulikuwa tunapika. Lakini mnajua chakula cha msiba: kinakuja na vifuniko, halafu kinakuja bila kifuniko, halafu hakiji. Mbuvi akabaki na sufuria zake. Ugali aliopika wiki hiyo ungeweza kujengea choo. Nthenya alimwambia hivyo hivyo, na Mutiso akaula wote.

Siku ya soko alikwenda Mwingi kwa Muktar, yule Msomali aliyekuwa akifanya naye biashara ya mifugo. Muktar alikuwa kando ya lori, anahesabu mikia.

"Mbuvi, nimesikia umekuwa mama," akasema.

"Umesikia ukweli. Garissa siendi tena."

Muktar hakucheka. Alikuwa amezika bibi yeye pia, zamani. "Basi mama Nthenya," akasema, "wewe nichagulie mbuzi hapa sokoni, jioni uko kwako. Safari nitafanya mimi. Na usiweke maji yote mara moja kwenye unga. Hapo ndipo wote tunaharibu."

Hilo la safari likawa limekwisha. Lakini lilibaki shamba. Mvua ilipokuja ilibeba nusu ya mahindi ya Mbuvi pamoja na udongo wake, ikayapeleka kwa watu asiowajua, huko chini mtoni. Shamba lile lilikuwa la mteremko, na halikuwa na mitaro. Na sababu ya kutokuwa na mitaro ni sisi.

Kikundi chetu cha mwethya kilikuwa cha wanawake. Kila nyumba inaleta jembe moja, tunachimba mitaro kwa shamba la mmoja mpaka tumalize, kisha tunahamia kwa mwingine. Kavata alikuwa amechimba kwetu sote. Zamu yake ndiyo ilikuwa bado. Alipokufa, wengine walianza kusema chini chini kwamba zamu nayo imekufa, maana nyumba ambayo haileti jembe inaachwa, na ile nyumba haikuwa tena na mwanamke.

Basi mwezi wa pili, asubuhi moja, tuko kwa Kasyoka, kiongozi wetu, tumeshapanga mstari, tunamwona Mbuvi anakuja na jembe begani.

"Umepotea?" Kasyoka akamwuliza. "Soko ya mbuzi ni huko."

"Nimeleta jembe ya Kavata."

"Jembe tunaiona. Na hiyo kitu imeibeba?"

"Imekuja nayo. Haziachani."

Wanawake wengine walijifunika midomo. Kasyoka alimzunguka kama anamnunua. Kisha akatugeukia. "Sheria inasema nyumba ilete jembe. Sikumbuki ikisema jembe ivae leso. Mbuvi, simama pale mwisho."

Tulimpa kipande chake. Mbuvi alichimba kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Alitupita sote. Sisi tukaangaliana, tukanyamaza, tukamwacha aendelee, maana alikuwa anatupa udongo chini. Na mitaro yetu ni ya fanya juu: unachimba, udongo unautupa upande wa juu wa mteremko, ufanye tuta la kuzuia maji. Kuutupa chini ni rahisi, mgongo haulalamiki, lakini mvua ya kwanza inauzoa wote. Kila mwanamke pale alijua. Mwanamume wa mbuzi angejulia wapi?

Alipofika mwisho alijinyoosha, akafuta jasho, akatutazama kwa kiburi kidogo. Kasyoka akatembea taratibu akikagua.

"Kazi nzuri sana," akasema. "Sasa urudishe."

"Nirudishe nini?"

"Huo udongo wote. Juu."

Tulingoja atupe jembe aende. Ninawajua wanaume ambao wangetupa, mmoja nilikuwa nampikia. Mbuvi aliangalia juu, akaangalia chini, akatemea viganja mate, akaanza upya. Hapo ndipo tulipoanza kumpenda, lakini hatukumwambia. Badala yake tulimwimbia.

Katika mwethya, mwimbishaji akikutaja kwa wimbo ni lazima umjibu kwa wimbo, la sivyo unaimbwa mpaka jua linatua. Tuliimba kwamba kwa Mbuvi hakuna haja ya fundi, ugali unatosha. Yeye alizidi kuchimba. Tulimwimbia hivyo wiki nyingi, mpaka siku moja kule mwisho wa mstari tukasikia sauti kama ya beberu ikisema kwamba ugali wake wa kujengea ni mgumu kweli, lakini wa mwimbishaji ulimkimbiza mumewe mpaka mjini Kabati, na nyumba bado haijaezekwa. Tulicheka mpaka kazi ikasimama. Mwimbishaji ndiye aliyecheka zaidi, na mume wake kweli alikuwa Kabati.

Tangu siku hiyo akawa anauliza maswali. Mtu akiwa ameinama na jembe huongea bila haya, kwa sababu hakuna anayemwona uso. Aliuliza muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, unajulikanaje kwamba umeiva. Tukamwambia punje inabonyea kwa kidole lakini haipasuki. Aliuliza nywele za Nthenya azifanye nini. Tukamwambia anyoe, asijaribu ufundi. Halafu siku moja akauliza, mtoto akilia jioni, kila jioni, jua likianza kuzama, mama yake alikuwa akifanyaje?

Kasyoka akasema, "Kavata alikuwa anambeba mgongoni akipika. Hapati mgongo, ndiyo maana."

Kumbeba mtoto mgongoni kwa leso, mwanamume. Alianza ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Kisha uani. Kisha siku moja tukamwona naye kisimani, Mwaitu kichwa kimemlalia begani. Mwanamume mmoja akacheka. Mbuvi akamwambia, hebu nishikie kidogo nichote maji. Yule akamshika, na Mwaitu, aliyekuwa na akili kuliko umri wake, akamkojolea mpaka viatuni.

Hivyo mwaka ukasogea. Tulichimba shamba hili na lile, na mwezi wa tisa, vumbi likiwa limepanda mpaka kwenye nyusi, zamu ikafika ya jembe la Kavata. Tulikwenda kwa Mbuvi Jumamosi, kabla jua halijachomoza. Mwenye shamba ndiye hulisha kikundi, na tulimwambia angalau tumwachie mwanamke mmoja jikoni. Alikataa. Alisema akilishwa na wageni wake mwenyewe, Nthenya hatamwacha kuishi.

Saa nne hivi lori la makaa lilisimama barabarani, akashuka Mbula.

Hakupita nyumbani kusalimu. Mwanamke akitaka kujua hali ya watoto haangalii viti, anaangalia sufuria. Alikwenda moja kwa moja jikoni. Mimi nilikuwa nimetumwa nikaulizie uji wa wachimbaji, nilikuwa nyuma ya ghala, na sikuharakisha.

Mbuvi alikuwa ameinamia sufuria kubwa ya muthokoi na maharagwe, mwiko mkononi, Mwaitu amelala mgongoni. Akasikia nyayo mlangoni. Hakugeuka. "Mutiso," akasema, "kama umekuja kuonja tena, lete kuni kwanza."

Nyayo hazikuondoka. Akageuka. Wakatazamana, macho kwa macho, yeye na mama mkwe wake.

Sijawahi kuona watu wazima wawili wakiogopana namna hiyo. Mbula alivuta leso ikamfunika mpaka kifuani. Mbuvi alitafuta pa kupita kama panya. Lakini jiko lilikuwa na mlango mmoja, na ndani ya mlango alikuwa Mbula. Akisema amsubiri aondoke ndipo atoke, muthokoi ulikuwa umefika pale pa kunyonya maji, pale ambapo ukiuacha dakika chache unageuka makaa, na nje kulikuwa na kikundi kizima chenye njaa. Akabaki.

Mbula angeweza kuondoka. Hakuondoka. Alijigeuza, akaketi pale pale kizingitini, mgongo ndani, uso nje. Mbele yake hapakuwa na mtu. Palikuwa na kuku.

"Wewe kuku," akasema. "Muthokoi wa huyo aliye ndani unashika chini. Nasikia harufu."

Ndani mwiko ukasimama. "Kuku," sauti ya Mbuvi ikatoka, ndogo, "sema nimepunguza moto."

"Kuku, asipunguze tu. Atoe kuni moja, aongeze maji kidogo, ya moto. Ya baridi yataufanya kuwa mawe."

"Kuku, ya moto yako. Nilifundishwa."

"Alifundishwa na nani?"

"Na mwethya."

Mbula alifikiria hilo. "Na huyo mtoto, kuku, amelala ama amekosa hewa?"

"Amelala. Mchana halali mahali pengine."

Kuku alichoka, akaenda zake. Waliendelea kumtumia hata hivyo.

"Kuku, watoto hulia?"

"Walikuwa wanalia. Sasa Nthenya ananitukana, Mutiso anakula. Huyu mdogo bado jioni, lakini kidogo."

"Na huyo mwanamume, kuku. Yeye hulia?"

Mwiko ulizunguka, ukazunguka. "Kuku," Mbuvi akasema, "mwambie moshi ni mwingi humu ndani."

Mbula aliinamisha kichwa. Nilifikiri amemaliza, lakini huyo hakuwa mwanamke wa kumaliza. "Watoto nimewaona njiani," akasema, "shingo zao zimejaa. Lakini mwaka huu ni maharagwe ya kununua, nimeona gunia. Mbuzi wakikosa bei atanunua na nini? Nimepita kando ya shamba nikija. Mtaro wa juu haujakamilika, na maji yote ya kilima yanaingia kwa huo wa juu. Mvua ikikuta hivyo, watoto watalala njaa mwaka ujao. Mwambie, kuku: lori linarudi kesho asubuhi. Nikiona mtaro ni nusu, naenda nao."

Akainuka, akaenda. Na kwa vile hakuweza kukaa bure hata angelipwa, alikwenda shambani, akachukua jembe la mwanamke aliyekuwa ananyonyesha, akasimama mwisho wa mtaro wa juu, upande wa mashariki. Akaanza kuchimba. Alikuwa mzee, lakini udongo ulikuwa unamtii.

Tulikula zamu kwa zamu. Muthokoi ulikuwa mzuri, nasema kweli, na mimi si mtu wa kusifu chakula cha mwanamume. Sahani ya Mbula ilipelekwa na Nthenya nyuma ya mti, na ikarudi imepanguswa. Baada ya hapo Mbuvi akamweka Mwaitu kwenye mkeka, akachukua jembe lake, akaja mtaro wa juu. Upande wa mashariki ulikuwa na mkwe. Kwa hivyo akaanzia magharibi.

Sasa fikirieni. Mtaro ni mmoja. Huyu anachimba kuja huku, yule anachimba kwenda kule, na sisi tuko katikati. Kasyoka ndiye aliyeona kwanza kwamba hao wawili watakutana. Alisema ana kiu, akatoka. Mwingine akakumbuka mtoto wake. Mwingine alishikwa na mgongo, mgongo ambao ulikuwa umebeba magunia miaka yote bila neno. Mmoja mmoja tukaisha, tukakaa kivulini, na mtaroni wakabaki wawili.

Walichimba wameinama, hawatazami mbele. Jua likaanza kuegemea. Udongo ulikuwa unaruka juu huku, unaruka juu kule, na ardhi ya katikati inapungua. Ikabaki kama urefu wa mbuzi amelala. Majembe yote mawili yakasimama.

Hakuna aliyeweza kusogea. Mmoja akipiga hatua, wamekutana. Wakapeana migongo, kila mmoja na jembe lake, na kile kipande kati yao. Na kila mtu pale alijua kipande hicho ni nini. Mtaro wenye pengo ni mbaya kuliko shamba lisilo na mtaro, maji yote yanakusanyika yapite pale pale, na yakipita yanabeba kila kitu. Nthenya akainuka aende kuwapelekea maneno, kama alivyozoea. Kasyoka akamshika rinda.

"Wewe kaa hapa," akamwambia. "Leo hatuna tarishi."

Walisimama. Upepo ukawapulizia vumbi. Mbuvi hakugeuka, lakini tuliona mabega yake yameanguka, kwa sababu heshima aliijua, na hangeivunja hata kwa ajili ya watoto wake. Kama ingevunjwa, ilikuwa ivunjwe na mkubwa.

Mbula alipangusa jembe kwa kidole cha mguu. Akaifunga leso kichwani vizuri, usoni hakuifunika. Kisha akaelekeza uso kule vilima vya Nuu viliko, akasema, si kwa Nthenya, si kwa kuku:

"Mbuvi. Chimba. Mimi naangalia Nuu."

Mbuvi aligeuka polepole, macho ardhini. Akainua jembe. Bonge la kwanza la udongo lilimrukia mama mkwe wake miguuni, naye hakusogea.

"Sketi ya shule ya Nthenya imepanda magotini," Mbula akaendelea, akiongea na vilima. "Umtafutie nyingine. Mutiso asilishwe jikoni, alishwe mezani kama watu. Shule zikifungwa Desemba utawaleta Nuu, watatu wote, nikae nao. Zikifunguliwa uwachukue."

"Nasikia, Mama."

"Na mtoto akilia jioni, usiharakishe kumnyamazisha. Na mimi hulia saa hizo."

Jembe lilisimama kidogo, likaendelea. "Nasikia, Mama."

"Na usinitazame."

"Sitazami."

"Udongo juu, Mbuvi."

"Unaenda juu."

Sisi kule kivulini hakuna aliyekuwa na kiu tena, wala mgongo. Tungeweza kwenda kuwasaidia, kazi yenyewe ilikuwa ya dakika chache tu. Kasyoka alitukataza kwa mkono. Tukakaa, mpaka pengo likaisha na mtaro ukawa mmoja, kutoka mwisho huu hadi mwisho ule.